Kumpata Mtu wa Kukupangia Uwanja wa Mbele ya Nyumba

Mwezi wa Februari uliopita mama mmoja mkulima wa Scheme yetu hapa Nyandarua alifika ofisini, akakaa kwenye benchi mpaka watu wote wakaisha, ndipo akasogea dirishani. Hakuja kwa habari ya mbegu wala ya chanjo. Alisema, "Mwalimu, tazama maua yangu." Watu wengi huku huniita Mwalimu, kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani. Akafungua karatasi ya gazeti, na ndani yake mlikuwa na vijiti vya bogenvilia vilivyokuwa vyeusi kama vimepitishwa motoni.

Habari yake ilikuwa hivi. Amemaliza kujenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu mahali pa ile ya zamani ya mbao. Wakwe wa mwanawe walikuwa wamtembelee mwezi wa Agosti, naye hakutaka wavuke matope kufika mlangoni. Basi aliuza mtamba mmoja, akaweka kando shilingi 22,000 kwa ajili ya uwanja wa mbele ya nyumba. Wiki ya pili ya Januari akapita mtu mwenye pikapu iliyojaa maua mazuri, akamwonyesha picha katika simu, wakapatana. Kazi yote ilikwisha siku moja. Vitanda vya maua vilijengwa pande zote mbili za mlango, vikazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na yule mtu akaenda zake na pesa zote. Kabla ya mwezi kwisha jalidi ilishuka usiku mara tatu, na maua yakafa. Siku ilipopita mvua moja ya ghafula, mama akaona jambo la pili: vitanda vile vilikuwa juu kuliko baraza, na maji ya paa yakarudi ndani ya nyumba.

Tangu siku ile nimeulizwa jambo hili na wakulima wengine wengi. Wazee waliopewa ploti tangu mwaka 1962, Scheme zilipoanza, walijenga kwa haraka ili wapate kulima na kulipa mkopo, na haikuwa desturi kufikiri juu ya uwanja. Sasa watoto wao na wajukuu wanajenga nyumba za kudumu, nao wanataka mahali penye nyasi, njia kavu, na maua kidogo. Si jambo la anasa. Lakini pesa ni chache, na wanaojiita wapangaji wa bustani wamekuwa wengi. Namna gani mtu mwenye pesa kidogo atampata mpangaji wa kweli?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa kupanga bustani na kupanda maua ni kazi mbili mbali mbali. Mpangaji ni mtu anayetazama mahali palivyo: maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, watu wanapita wapi, ng'ombe wanapita wapi, jua linapiga upande gani, upepo unatoka upande gani. Kisha anachora katika karatasi, na kuandika ni kitu gani kiwekwe mahali gani, na kipi kitangulie. Mpandaji ni mtu wa jembe na ndoo. Huenda mtu mmoja akaziweza kazi zote mbili, walakini usidhani ya kuwa kila mwenye miche ni mpangaji. Yule mama alinunua maua, akafikiri amenunua mpango.

Hapa Kenya wako wataalamu hasa wa kazi hii. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pale Juja, huifundisha, na wenye ujuzi huo wana tawi lao katika Chama cha Wasanifu Majengo wa Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1967. Hao hupanga viwanja vya mahoteli, hospitali, vyuo na bustani za miji. Ukiwa na uwanja wa mita 12 kwa mita 8 na pesa za mtamba mmoja, kumwita mtaalamu wa namna hiyo kutoka Nairobi ni kama kumwita fundi wa meli kutengeneza ngalawa. Safari yake peke yake huenda ikamaliza nusu ya pesa zako. Lakini ikiwa kijana wa jirani anasomea kazi hiyo na yuko nyumbani likizo, hapo una bahati, maana atakuwa na ujuzi wa karatasi na tena ataijua baridi ya kwenu.

Walio karibu nasi ni watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mwenye kitalu cha miche hapa hapa kwetu. Nasema hapa hapa, kwa maana kitalu cha mbali kinaweza kukudanganya hata kama mwenyewe ni mwaminifu. Mji wa Nairobi uko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, nasi wa Kinangop tuko zaidi ya mita 2,400. Kila unapopanda mita 100 hewa hupoa kwa nusu digrii na zaidi kidogo, kwa hiyo sisi tuna baridi kuwashinda kwa digrii 4 au 5. Mche uliozaliwa na kulelewa Nairobi ukaletwa huku mwezi wa Januari ni kama mtoto wa Mombasa aliyeletwa Ol Kalou bila sweta.

Wa pili ni vijana waliotoka katika vyuo vya kilimo, kama Egerton pale Njoro au Bukura, na wale waliosoma katika vyuo vidogo vya ufundi. Wengi hawana kazi ya mshahara, nao watafanya mpango wa uwanja mdogo kwa malipo ya kadiri, maana wanataka mahali pa kuonyesha kazi yao.

Wa tatu husahauliwa, nami nadhani yeye ndiye mzuri kuliko wote kwa mtu mwenye pesa kidogo. Huyu ni mtunza bustani aliyeajiriwa: anayetunza uwanja wa shule ya bweni, wa misheni, wa hospitali, au nyasi za mbele ya ofisi katika mashamba ya maua ya Naivasha. Wengi wao wanakaa katika Scheme zetu. Mtu wa namna hii ameona kitu kikifa na kitu kikipona mwaka baada ya mwaka mahali pamoja. Hana karatasi ya chuo, lakini siku yake ya mapumziko anaweza kuja kwako, akatembea uwanjani kwa saa mbili, akakuambia maneno ambayo usingeyapata katika kitabu.

Namna ya kumpata si kungoja apite barabarani. Toka wewe, utembee. Tazama viwanja vya kanisani, shuleni, zahanati, na nyumba za jirani, kisha uulize ni nani aliyepanga kila kimoja unachokipenda. Sharti moja ni hili: kiwanja kiwe kimepita mwaka mzima tangu kilipotengenezwa. Kiwanja kipya chochote ni kizuri. Yule mtu wa pikapu alikuwa na picha nzuri katika simu yake, na huenda zilikuwa picha za kazi yake mwenyewe, lakini zote zilipigwa siku ya kupanda. Mtu akikuonyesha picha, mwambie, "Nipeleke nione palivyo leo." Akisema ni mbali, au mwenye nyumba amesafiri, au lango limefungwa, wewe mshukuru kwa heshima na umwache aende.

Afisa wa kilimo wa wadi yako pia anaweza kukutajia watu, ingawa kazi yake yeye ni mazao, na usimkasirikie akikuambia hajui maua.

Sasa, kabla hujamwita mtu yeyote, kuna kazi ambayo yakupasa kuifanya mwenyewe, nayo haina gharama. Pima uwanja wako na uuchore. Wengine hucheka ninapowaambia hivi, wakidhani ni mambo ya darasani. Walakini mpangaji akikuta mchoro tayari, hatakulipisha kwa saa za kupima, na wewe hutaweza kudanganywa juu ya ukubwa wa mahali pako.

Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile lenye vyumba vidogo vidogo. Kila chumba kiwe nusu mita. Uwanja wa mita 12 kwa 8 utachukua vyumba 24 kwa 16, nao utatosha katika ukurasa mmoja. Pima kwa kamba uliyoifunga fundo kila mita moja. Chora ukuta wa nyumba, mlango, madirisha, lango, tangi la maji, choo, shimo la maji machafu, miti iliyopo, na nyaya za umeme zinapopita. Andika jua linachomoza upande gani. Kisha chora kwa kalamu nyekundu njia ambayo watu hupita kweli. Nasema njia wanayopita kweli, wala si ile unayotaka wapite. Katika nyumba nyingi njia ya kweli hukata kona kutoka langoni mpaka mlango wa jikoni, na ukipanda maua juu yake utakuwa unapanda maua ya kukanyagwa.

Baada ya hapo ngoja mvua. Ikinyesha kweli kweli, jifunike gunia au mwavuli, usimame nje, utazame maji. Chora mishale ya bluu pale yanapopita na viduara pale yanapotuama. Hii ndiyo sehemu kubwa ya mpango, na wengi huiruka, kwa maana siku ya mvua kila mtu yuko ndani karibu na moto.

Maji ya paa si kidogo kama mtu anavyofikiri. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme paa lako ni mita 10 kwa mita 6, basi ni mita za mraba 60. Ikinyesha milimita 25 kwa siku, paa hilo litamwaga lita 1,500, yaani mapipa saba na nusu ya lita 200. Kama paa lina pande mbili sawa, nusu ya maji hayo huanguka mbele ya mlango wako. Hakuna ua lililopandwa chini ya ukingo wa paa lisilo na michirizi litakalovumilia kupigwa namna hiyo, na udongo utarukia ukuta mpaka madirishani. Kwa hiyo mara nyingi shilingi ya kwanza ya bustani yapasa kwenda kwenye mchirizi, yaani gata, na bomba la kupeleka maji tangini. Mpangaji atakayekuambia neno hili kabla ya kutaja ua lolote, huyo msikilize.

Kadhalika ardhi yenyewe lazima iiname kuondoka nyumbani. Kadiri ya chini ni sentimita 2 kwa kila mita moja, hivyo uwanja wa mita 8 uwe umeshuka sentimita 16 kutoka barazani mpaka langoni. Ikiwa mteremko wa asili unaelekea nyumbani, utahitaji mfereji wa kuyakatiza maji kabla hayajafika ukutani. Unaweza kupima kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani kama mafundi wa nyumba wafanyavyo, au kwa ile fremu ya mbao ya herufi A ambayo wengi wetu tumeitumia kupimia matuta. Kama fremu yako imelala stoo, hii ni kazi nyingine ya kuipa.

Ukiwa na daftari hilo mkononi, sasa mwite mtu wako, au watu wawili ukiweza, kwa siku mbali mbali. Mpe mchoro, umwache atembee. Nyamaza kwanza. Mtu anayejua kazi atauliza maswali kuliko wewe: maji ya kiangazi unayapata wapi, ng'ombe wanapita hapa asubuhi au wamefungwa zizini, nani atakata nyasi, kuna watoto wadogo, gari la maziwa hugeuzia wapi. Mtu asiyejua ataanza kwa bei za maua. Kisha wewe umwulize maneno haya machache. Maji ya mvua yataelekea wapi? Jalidi ikija ni mche gani utakaokufa? Kama pesa zangu zikitosha nusu tu ya kazi, tuanze na nini? Swali hili la mwisho ndilo kipimo kikubwa. Mpangaji wa kweli atakuwa na jibu papo hapo, maana kazi yake ni kujua lipi litangulie. Atakuambia maji kwanza, udongo baadaye, kisha njia, kisha ukingo au ua la miti, kisha nyasi, na maua mwisho kabisa. Yule mwingine atakuambia ya kwamba kazi haigawanyiki.

Kuhusu malipo, ninashauri hivi, na najua wengine hawatakubaliana nami: mlipe mpangaji kwa mpango peke yake, mbali na kazi ya kupanda. Wakulima wetu hawapendi kulipia karatasi. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana wangu, nitamlipaje mtu kwa maneno?" Nikamkumbusha kuwa tunamlipa daktari wa mifugo hata akija akasema tu ng'ombe huyu asipewe dawa. Ukilipia mpango, karatasi ni yako. Waweza kufanya kazi mwenyewe pamoja na watoto kwa miaka miwili, kidogo kidogo. Usipoilipia, mtu atakupa "mpango wa bure", naye atairudisha gharama yake katika bei ya miche, na ataweka miche mingi kuliko inayotakiwa.

Ikiwa yeye mwenyewe ndiye atakayefanya kazi, andikeni mapatano katika karatasi mbili zinazofanana, kila mtu na yake. Yaandikwe mambo yatakayofanywa, jina la kila mche na idadi yake, siku ya kuanza, na pesa zitalipwa lini. Usitume pesa kwa simu kabla kitu hakijafika uwanjani. Gawanya malipo mara tatu: moja vifaa vinapoletwa, moja kazi inapokwisha, na ya mwisho baada ya majuma sita au baada ya mvua kubwa ya kwanza, ionekane maji yanakwenda yalikoelekezwa na miche imeshika. Mtu mwaminifu hataogopa malipo ya mwisho, ingawa atanung'unika kidogo, na kunung'unika si kosa.

Hesabu yaweza kuwaje? Tuseme unazo shilingi 20,000. Huu ni mfano tu, kwa kuwa bei za kwetu si bei za kila mahali. Weka 2,500 za mpango, 6,000 za michirizi na mfereji na kusawazisha udongo, 5,000 za changarawe ya njia na mawe ya ukingo, 3,500 za miche na kibarua, na 3,000 usiziguse mpaka msimu wa pili. Mtaona ya kuwa maua yamepata sehemu ndogo. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwa maana miche mingi mizuri haiuzwi, huombwa. Agapanthasi hugawanywa mizizi yake kila baada ya miaka michache, na kanisa au shule yenye kitanda kikubwa itafurahi kupunguziwa. Mawaridi huoteshwa kwa vijiti, nayo huvumilia baridi yetu. Rozimari pia huota kwa vijiti, na mama atapata kiungo cha nyama. Mahali penye maji ya kutuama, yale maua meupe ya aramu ambayo wakulima wa Kinangop huyauza yatakaa vizuri kuliko kitu kingine. Na mimi huona pareto ni ua zuri la kitandani, ingawa jirani zangu husema nimeleta shamba mlangoni.

Juu ya nyasi, usikubali kuuziwa kwa gunia kitu ambacho unacho. Nyasi za Kikuyu zinaota porini kwetu, nazo zimepelekwa mpaka Australia na Afrika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wake. Chimba vipande vyenye vifundo, panda kwa mistari sentimita 30 kutoka mmoja hadi mwingine wakati mvua inapoanza, na zitaungana. Jalidi itazigeuza rangi ya kahawia, lakini zitarudi. Ubaya wake ni kwamba hutambaa na kuingia vitandani, kwa hiyo lazima ukingo wa mawe uzame chini kidogo na ukatwe kwa jembe kila mara. Wenzetu wa Lugari na nchi za joto zaidi hawana taabu ya jalidi, nao wanaweza kupanda bogenvilia wapendavyo.

Liko jambo moja ambalo mpangaji wa mjini huenda asilijue, nalo limenigharimu mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilinunua miche minne ya oliyanda kwa sababu ya maua yake mekundu. Hakuna aliyeniambia neno, wala mimi sikuuliza. Siku moja nilipunguza matawi nikayatupa nyuma ya ua, nikaenda kazini. Ndama wangu wa kike wa miezi saba alifungua kamba, akala majani yale yaliyokwisha kunyauka, na jioni nilimkuta amelala hawezi kuinuka. Daktari wa mifugo alifika usiku, lakini ndama hakuiona asubuhi. Oliyanda ni sumu yote, majani, matawi na maua, mabichi na makavu, kwa ng'ombe, mbuzi na watoto. Niliing'oa yote siku ya pili, nikaizika ndani sana. Usiichome, kwa maana moshi wake nao ni mbaya.

Kwa hiyo mpangaji akikuletea orodha ya miche, pitisha kidole juu ya kila jina na kumwuliza, "Ng'ombe akila hiki?" Lantana nayo humdhuru ng'ombe, akila huota vidonda vya ngozi anapopigwa na jua, na tena husambaa malishoni. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta ni sumu kwa watu na mifugo. Mnyaa, ule wenye utomvu mweupe, ni ua imara katika nchi kavu, lakini utomvu ukiingia jichoni huumiza vibaya. Kwa ukingo wetu huku juu naona kayaba inafaa, kwa miiba yake na matunda yake ambayo watoto hula, mradi ikatwe kila mwaka. Na usiruhusu mtu akupandie mibulugamu karibu na nyumba, hata akikuambia itazuia upepo upesi. Itauzuia, na itakunywea maji ya uwanja, na siku ya dhoruba itakuwa juu ya mabati.

Wakati wa kuanza ni sasa, kabla ya mwaka kwisha, kwa habari ya kutazama maji na kuchora. Kazi ya udongo, mifereji na changarawe ifanyike Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Kupanda kungoje mvua ndefu zishike hasa, mwisho wa Machi au Aprili, na usiku wa jalidi uwe umepita.

Yule mama wa bogenvilia alirudi kwangu mwezi wa Machi akiwa na daftari la mjukuu wake, amelichora yeye mwenyewe, mishale ya bluu na yote. Mtu wa pikapu hatukumpata, na simu yake haikushika tena. Lakini tulimpata kijana anayetunza uwanja wa shule moja ya bweni, akaja Jumapili baada ya ibada, akachukua shilingi 2,000 za mpango. Jambo la kwanza alilosema ni kuvunja vitanda vile vyote viwili. Udongo wake ulipelekwa upande wa chini, mawe yenye chokaa yakawa ukingo wa njia, na njia yenyewe ikapita pale pale watu walipokuwa wakikata kona. Mwanawe alifunga mchirizi. Nyasi zilitoka katika malisho yao wenyewe, na agapanthasi zikatoka kanisani kwa asante tu. Gharama zote za mara hii ya pili hazikufika shilingi 9,000, nazo zililipwa kwa maziwa ya miezi mitatu.

Mwezi wa Agosti wakwe walifika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Nyasi hazikuwa zimeungana bado, na upande wa dirisha la pili palikuwa na udongo mtupu, lakini viatu vyao vilifika barazani vikavu. Sasa shida aliyo nayo mama ni kuku, wanaoparua vitanda kila asubuhi, na yule kijana wa shule hajapata dawa yake. Kama yuko msomaji wa gazeti hili aliyezuia kuku bila kununua wavu, na atuandikie.